Paka anapimwa sukari nyumbani, bibi wa Rulenge "hawezi"

Najua nimepotea. Testi zilinibana na kuna kozi moja inanitolea macho ya sapu kabisa. Lakini usiku huu desa nimelifunika, nina hasira, na hasira zenyewe zimeanzia kwa paka.

Iko hivi. Juzi jioni tumekaa kimbweta, mshkaji mmoja akatoa simu akatuonyesha mama wa Kizungu amempakata paka wake. Anampapasa sikio, anamtoboa pembeni ya sikio kwa kisindano kidogo, tone la damu linatoka, analigusisha kwenye stripu ya mashine ya sukari, anasubiri sekunde chache, anaandika namba kwenye daftari. Paka anapewa kipande cha nyama, anashuka zake. Kimbweta kizima kikafa kwa kicheko. Paka ana kisukari! Hao wana hela za kuchezea! Hapo sina ugomvi na mtu, hata mimi nilicheka.

Ugomvi wangu ni na jamaa aliyejibu swali lililofuata. Mtu aliuliza, sasa mbona huku kwetu wagonjwa wenyewe hawajipimi nyumbani? Jamaa anasomea udaktari, miaka si mingi atakuwa anakaa kwenye kiti mbele ya bibi zetu. Akajibu bila kupepesa macho: "Wale bibi wa vijijini hawawezi. Ukiwapa mashine wanaharibu tu, bora waje kliniki."

Hawawezi! Watu wakaitikia kwa vichwa, mada ikahamia kwenye boom. Mimi nikabaki na hilo neno kooni kama mwiba wa samaki.

Tuanze na huyo paka, maana wengi mnadhani ni utani. Kisukari cha paka ni ugonjwa wa kweli na kinafanana sana na kile cha watu wazima wa kwetu: mwili unaigomea insulini, na kongosho linashindwa kutoa ya kutosha. Kinawapata zaidi paka wenye umri, wanene, hasa madume waliohasiwa, wanaoshinda ndani wakila na kulala. (Paka wa kwetu Rulenge hana bahati hiyo. Yeye ameajiriwa kulinda maharage dhidi ya panya, na mshahara anajitafutia.) Tiba ni sindano ya insulini, kwa kawaida asubuhi na jioni. Wengine wakiwahiwa mapema sukari inatulia hadi sindano zinaachwa.

Madaktari wa mifugo wakakuta tatizo. Ukimtia paka kwenye kikapu, ukampandisha gari, ukamfikisha kwenye chumba chenye harufu ya mbwa, sukari yake inapanda kwa woga tu. Inaweza kupanda sana, hata kwa paka mzima asiye na ugonjwa. Kwa hiyo namba unayoipata kliniki inaweza kuwa ni namba ya hofu, siyo ya ugonjwa. Walifanyaje? Wakamfundisha mwenye paka apime nyumbani, paka akiwa kwenye kiti chake alichozoea. Na si mara moja. Anapima kila baada ya saa mbili kwa muda wa saa kumi na mbili, anachora mstari, daktari anaangalia sukari ilishuka hadi wapi, saa ngapi baada ya sindano. Maelekezo yao yanasisitiza usipandishe dozi ya paka kwa kutazama namba moja tu, utamuua. Tena kwa kuwa mashine za binadamu mara nyingi zinasoma chini ya ukweli zikipewa damu ya paka, zikatengenezwa mashine zilizorekebishwa kwa ajili yake. Yote hayo kwa paka. Na wamefanya vizuri, sisemi waache.

Sasa njoo kwa Bibi yangu, mzaa mama. Bibi ana kisukari na anajidunga insulini mara mbili kwa siku, huu mwaka wa sita. Nyumbani kwake siyo Rulenge pale sokoni, ni mwendo kidogo, migombani. Siku ya kliniki anaamka saa 10 usiku. Anatoka saa 11 alfajiri na ule ukungu wa Ngara unaouma masikio, tumbo tupu kwa sababu ameambiwa asile. Kipande anatembea, kipande anapanda bodaboda. Anafika, anakaa kwenye benchi, anasubiri, anawaza nauli ya kurudi, anawaza mbuzi aliowaacha. Saa 4 anatobolewa kidole. Namba inatoka. Kwa hiyo namba moja ndiyo dozi yake ya mwezi mzima inapangwa.

Mwezi wa siku 30 una saa 720. Bibi anapimwa saa moja, na yenyewe ni saa ambayo haifanani na nyingine zote 719. Hajala, hajalala vizuri, amepigwa baridi, ana wasiwasi. Na tuseme ukweli wa kifamilia hapa, wiki ya kliniki ndiyo wiki Bibi anapunguza ugali wa muhogo na ndizi, kama sisi tunavyosoma usiku wa kuamkia pepa. Wahudumu ni watu wema waliozidiwa na foleni, sina la kuwalaumu. Wanafanya kwa walichonacho. Lakini hebu niambieni, kwa nini kanuni ya kutoamini namba moja itumike kwa paka halafu isitumike kwa Bibi?

Na wala tusidhani hatari ni sukari kupanda tu. Kupanda kunaua polepole: macho, figo, vidonda vya miguu visivyopona. Kushuka kunaua mchana mmoja. Insulini haijui kama umekula. Ukijidunga asubuhi halafu chai ikachelewa, au ukala kidogo ukaenda kulima, misuli inakunywa sukari, dawa nayo inaishusha, unaanza kutetemeka, jasho, maneno yanachanganyika, unaanguka. Bibi aliangukia migombani mwaka jana. Jirani aliyemkuta alidhani ni pombe ya ndizi. Bibi yangu! Mwanachama wa WAWATA ambaye hata divai ya jimbo haijui! Kilichomwokoa ni mjukuu wa darasa la tano aliyekumbuka kuwa "Bibi akiwa hivi anapewa maji ya sukari" wakati bado anaweza kumeza. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, robo saa, akarudi duniani akaanza kugomba kwa nini jembe limeachwa juani.

Siyo insulini peke yake. Kuna vidonge vya glibenklamaidi, vimejaa kwenye maduka yetu ya dawa, navyo vinashusha hadi chini kabisa. Shirika la Afya Duniani limeandika kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwamba havifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Sasa tembea Bushubi yote uulize wazee wenye kisukari wanameza nini.

Hapa ndipo lile neno "hawawezi" linapoanza kunuka. Bibi amepewa chupa ya insulini na mabomba ya sindano. Anavuta dozi mwenyewe, anatazama vile vimistari vidogo kwenye bomba, anatoa hewa, anajidunga tumboni. Akikosea mistari kumi anaweza asiamke. Hiyo kazi tumemwamini nayo! Halafu kazi ya kutoboa kidole na kusoma tarakimu mbili kwenye kioo, ambazo zingemwambia kama hiyo sindano ni salama leo, hiyo ndiyo "hawezi"? Mwenye akili anielezee, mimi imenishinda.

Tena Bibi alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya sabini. Ndiye mtunza daftari wa kikoba chao. Ulikopa mwaka juzi ukabakiza mia tano, anaijua, anajua na tarehe. Anapokea hela niliyomtumia kwa simu, anatoa, anajua makato. Mtu wa namna hiyo unamwambia 3.6 na 13.6 zitamchanganya?

Na huu wimbo si wetu wa kwanza kuuimba, Marekani waliuimba pia. Mwaka 1969 kulikuwa na injinia mmoja anaitwa Richard Bernstein, mgonjwa wa kisukari tangu utotoni. Aliona tangazo la mashine mpya ya kupima sukari kwenye damu, dude la uzito wa zaidi ya kilo moja, bei dola 650. Akataka kununua. Akaambiwa haiuzwi kwa wagonjwa, ni ya madaktari na hospitali tu. Bahati yake mkewe alikuwa daktari, mashine ikanunuliwa kwa jina la mke. Akaanza kujipima mara kadhaa kwa siku, akarekebisha chakula na dozi, afya ikabadilika. Akaandika makala kuyaambia majarida ya kitabibu kwamba wagonjwa wanaweza kufanya hivi nyumbani. Wakamkatalia, yeye si daktari. Basi bwana, yule mzee akaacha uinjinia, akaingia chuo cha udaktari akiwa ameshapita miaka 40, akatoka na nondo yake ili asikilizwe! Amefariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90. Mambo mengine aliyofundisha kuhusu chakula yanabishaniwa hadi leo, lakini kwenye la kujipima alishinda, na leo kwao hakuna anayeuliza kama mgonjwa anaweza.

Hata kabla ya mashine, watu walijipima. Mnakumbuka Benedict's solution kwenye praktiko ya baiolojia fomu foo? Ile ya bluu, unachemsha, ikigeuka rangi ya matofali kuna sukari? Kabla haijawa ya kututesa sisi kwenye mtihani, ilikuwa ya kupimia mkojo wa wagonjwa wa kisukari, na miongo mingi wagonjwa walichemsha mikojo yao wenyewe majumbani. Kipimo cha mkojo kina udhaifu mkubwa, sukari haionekani humo mpaka damu ipite kama 10, na kushuka hakionyeshi kabisa. Lakini watu walipewa kazi wakaifanya, jikoni kwao, kwa moto.

Kwetu pia ushahidi upo. Watoto wenye kisukari wanaosaidiwa na miradi ya kimataifa hapa Tanzania wanapewa insulini, mashine na stripu, na wanaopima ni wao na mama zao, mama wa kawaida kabisa. Na mwaka 2019 Bunge letu lilibadilisha sheria ya Ukimwi ikaruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe. Jibu zito kama hilo, mtu anaaminiwa alipokee akiwa peke yake chumbani. Lakini namba ya sukari? Ngoja kliniki, bibi.

Jamaa akabanwa akaanza kuhama hoja. Eti vijijini hakuna friji, insulini itaharibika, kujipima kutasaidia nini? Ndugu yangu, hiyo nayo imejibiwa, na imejibiwa kwa kutumia joto la hapa jirani. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotumia vipimo vya joto vya ndani ya nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya. Insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Sasa kama Dadaab inawezekana kwa mwezi mmoja, Rulenge ambako hata Agosti tunavaa sweta?

Tuje kwenye kizuizi cha kweli, ambacho jamaa hakukitaja hata mara moja. Hela.

Mashine yenyewe si tatizo kubwa. Nilimnunulia Bibi kwa boom la semesta iliyopita (ndiyo maana mliniona nakula maandazi na maji wiki mbili, sikuwa kwenye dayati). Mtego uko kwenye stripu. Kila kampuni mashine yake inakubali stripu zake tu, ukihama kampuni unanunua mashine upya. Wanakuuzia jiko kwa bei poa halafu mkaa wanauza wao peke yao. Kopo la stripu 50 nililipa 30,000 hapa mjini. Bibi akipima mara mbili tu kwa siku anahitaji 60 kwa mwezi, kopo halimalizi mwezi. Hiyo ni 36,000 kila mwezi, hujagusa insulini, hujagusa nauli, na Bibi mapato yake ni maharage na kahawa kidogo mara moja kwa mwaka. Na kule kijijini kwake hazipatikani, lazima umwagize mtu anayetoka mjini, umwombe Mungu asikosee aina.

Kwa hiyo mgonjwa wa kijijini akiiacha mashine ikapata vumbi juu ya kabati, yule msomi wetu anapita, anaiona, anasema "unaona? Hawawezi." Kumbe zimeisha stripu tangu Pasaka! Huko ndiko neno lilikozaliwa. Umaskini umebatizwa jina la ujinga, kwa sababu mjinga hadai bajeti.

Nisiwe muongo, kuna upande wa pili. Si kila mwenye kisukari anahitaji kujitoboa kila siku. Anayetumia metformini peke yake, sukari imetulia, tafiti zinaonyesha kujipima mara kwa mara hakumsaidii sana, na kwa wengine kunaongeza msongo bure. Huyo asinunuliwe stripu kwa fujo, hela yake iende kwenye dawa na viatu vizuri. Ninaowatetea ni wanaodunga insulini na wanaomeza vidonge vya kushusha kwa nguvu. Hao kipimo ni nusu ya dawa. Kumpa mtu insulini bila stripu ni kumpa lori bila spidomita wala breki halafu unamwambia akirudi mwezi ujao mtazungumza.

Na hawa si wachache tena. Mwaka 1989 timu ya kina Profesa McLarty na Profesa Swai ilichapisha kwenye Lancet matokeo ya vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja kwa kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini pamoja, ulipata kama tisa kwa kila mia. Makundi hayalingani sawasawa, najua, mtu wa takwimu asinirukie. Lakini hata ukikata katikati, ule ugonjwa tuliouita wa mabosi wa Oysterbay umeshashuka kwenye basi pale Benaco na unaulizia bodaboda ya Rulenge.

Tumepata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Vizuri. Basi swali la kuwauliza wabunge wetu wa Ngara na Biharamulo wakija kuomba kura ni moja na liulizwe kwa jina lake: stripu. Usikubali kujibiwa "huduma za kisukari zitakuwepo". Bima yoyote inayolipia chupa ya insulini na kuacha stripu nje imelipia nusu ya tiba, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomzuia mtu asianguke migombani. Serikali inayonunua dawa za nchi nzima kwa pamoja inaweza kuchagua aina moja au mbili za mashine na kubana bei ya stripu zake, ndivyo wanunuzi wakubwa wanavyofanya. Sisi mmoja mmoja kwenye kaunta ya duka hatuna ubavu huo.

Wakati tunangoja, hiki ndicho tunachofanya nyumbani, na alikipanga daktari wa Bibi, siyo mimi. Hapimi kila siku. Wiki hii anapima Jumatatu na Alhamisi kabla ya chai, wiki ijayo kabla ya chakula cha jioni, inayofuata kabla ya kulala, na siku yoyote akijisikia kutetemeka anapima pale pale, hiyo haina ratiba. Namba ikiwa chini ya 4 anakunywa maji ya sukari kwanza, maswali baadaye. Kopo linafungwa kwa nguvu kwa sababu unyevu unaua stripu, na tarehe ya kulifungua inaandikwa kwa kalamu ubavuni, maana aina nyingi zikishafunguliwa zina miezi michache tu. Visindano vinakwenda kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, mbali na watoto. Na mikono inanawa kwa sabuni, hasa kwetu! Ukimenya ndizi mbivu kisha ukajitoboa bila kunawa, mashine inapima ndizi, itakupa namba ya kukimbiza watu hospitali usiku. Hilo Bibi aligundua mwenyewe siku ya tatu, kabla sijamwambia. Alipata 19, akatazama vidole vyake, akanawa, akarudia, ikaja 8.

Daftari lake sasa lina kurasa kumi na moja. Upande wa kushoto tarehe na saa kwa Kiswahili, katikati namba, kulia maelezo: "nililima", "sikulala", "harusi ya Jumamosi", "nilikula viazi". Nyie mnaosomea udaktari, likiwekwa mezani kwenu siku moja, naomba msiangalie mstari wa mwisho peke yake.